Mume wangu ni mwenyekiti wa kijiji. Je, ndiyo kusema mimi sina uani?

Mama wa Uru
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Niko Uru, Moshi Vijijini. Mwaka jana tulichangishwa zahanati, kila kaya elfu ishirini. Na mimi nilitoa, stakabadhi yangu iko kwenye kopo kabatini. Boma lilifika kwenye lenta likasimama hapo. Masika imelinyeshea, sasa ndani majani yamefika magotini. Watu wanauliza hela iko wapi, na wana haki. Mara ya mwisho kusomewa mapato na matumizi ni Krismasi, watu wa Dar walipopanda nyumbani, wakati mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu.

Jumanne mume wangu hayupo, mimi niko chini mgombani nakata majani ya ng'ombe, nikasikia mbwa. Kupanda juu nakuta kijana wa televisheni ya mtandaoni yuko uani, simu kainyanyua. Ameshapiga bati letu jipya la bluu, ameshapiga kamba ya nguo na nguo zetu za ndani. Kamuuliza binti yangu wa darasa la tatu, "Baba alinunua bati lini?" Kisha akasimama mlangoni kwa mama mkwe. Mama ana kiharusi, mdomo umekwenda upande, siku ile hakuwa hata na kitambaa kichwani. Akasema kwenye simu yake, "Hata mama yake mzazi anamlaza hivi."

Usiku ilikuwa kwenye magrupu yote. Mama hana simu, ila jirani alikuja kumwonyesha. Tangu hapo hataki mlango wake ufunguliwe mchana.

Na linaloniuma zaidi ni hili: mume wangu sasa kapata pa kujifichia. Akiulizwa hela anajibu, "Mlimdhalilisha mama yangu." Watu wanainamisha vichwa, mazungumzo yanaishia hapo. Nifanyeje?

Mwandishi wa Zamani, Sakina
Pole sana mama. Nimefanya kazi ya habari hapa Arusha miaka mingi na nimeona aibu kusoma hii. Kijana alikuwa na habari mkononi akaiacha njiani: boma lililoota majani. Angehesabu kaya mara elfu ishirini, akaomba kuona risiti za saruji na nondo, akamtafuta fundi, kisha akampigia mwenyekiti simu ajibu. Hiyo ni kazi ya wiki nzima. Kuingia uani kwa mtu ni kazi ya dakika tano.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa haki ya kutafuta habari. Ibara ya 16 inakupa wewe hifadhi ya nafsi yako, familia yako na maskani yako. Zote mbili ziko kwenye Katiba ileile. Mwandikie aondoe kipande cha mama na cha mtoto. Cha zahanati usikiguse kabisa. Akikataa, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Tume yake inapokea malalamiko.

Kijana wa Pasua
Dada, ya mama na mtoto nakubali, ni unyama. Ila bati nalo ni swali. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU au Serikali hata kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti yakalegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991, na sisi tuliozaliwa baadaye tumekuta mali ya kiongozi ni siri ya kwake. Anayeshika mchango wangu nitamuuliza.

Mama wa Uru
Uliza kaka yangu, sikatai. Tuliuza dume mwezi wa pili, karatasi ya mnada ninayo. Ungeniuliza mimi mtu mzima ningekuonyesha. Mbona aliulizwa mtoto?

Mtendaji Mstaafu
Mama, hela ya kijiji haikai mfukoni kwa mwenyekiti. Inakaa benki, inatoka kwa muhtasari wa kikao na sahihi za watu zaidi ya mmoja. Kwa hiyo karatasi zipo, au kama hazipo, hapo ndipo pa kuanzia. Msisubiri mkutano. Mtendaji wenu aandae taarifa, ibandikwe ubaoni ofisini, kisha mkutano uitishwe.

Mama wa Uru
Nimerudi. Nilimsomea majibu yenu jana usiku tukila. Hakusema kitu. Alipomaliza kunawa akaenda kuleta faili, tukahesabu risiti moja moja mpaka umeme ukakatika, tukamalizia kwa tochi ya simu. Kuna laki tatu na elfu arobaini haina karatasi. Anasema fundi alichukua kabla ya kazi na hakuandikishwa. Nimemwambia iandikwe hivyohivyo, kwamba haina karatasi, na yeye aweke sahihi chini. Alibishana sana. Asubuhi ameipeleka kwa mtendaji, inabandikwa Jumapili watu wakitoka misani.

Yule kijana ameondoa kipande cha mama. Cha binti yangu bado kipo. Kesho nashuka Moshi mjini kumfuata.