Hudhurio la kwanza kliniki: nitamjuaje mama aliye hatarini kujifungua njiti?

zahanati_mlimani
Wakuu, habari za kazi. Zahanati yetu haina altrasaundi wala daktari. Tuna mashine ya presha, vijiti vya mkojo, kipimo cha wingi wa damu, cha malaria na futi kamba. Mjamzito akija hudhurio la kwanza, niangalie nini hasa ili nimtambue anayeweza kujifungua kabla ya wiki 37? Kadi ina visanduku vingi na vyote vinaonekana sawa.

mkunga_zamu
Havina uzito sawa. Anza na uzazi uliopita, kwani aliyewahi kujifungua njiti yuko karibu zaidi kurudia. Ila ukimuuliza "uliwahi kuzaa njiti?" wengi watasema hapana. Pitia mimba moja moja: ilikuwa ya miezi mingapi, mtoto alikuwa na kilo ngapi, alibebwa kifuani ngozi kwa ngozi (kangaruu)? Halafu uliza kilichotangulia: uchungu wenyewe, chupa kupasuka, damu, au alianzishiwa uchungu kwa sababu ya presha. Huyo wa presha hufuatiliwa kwa njia yake, tofauti na aliyeshikwa na uchungu wenyewe. Aliyepoteza mimba ya miezi mitano bila uchungu wa maana, "kikateleza tu", mfikirie mlango wa kizazi uliolegea na umpe rufaa siku hiyohiyo. Kushona mlango kwa historia kama hiyo hupangwa wiki ya 12 hadi 14, ukingoja hudhurio la pili umeshachelewa.

Mapacha, mimba iliyoingia kabla mtoto hajatimiza miezi sita, umri chini ya miaka 18, sigara: andika pia.

chumba_cha_vipimo
Kijiti cha mkojo ndicho kinachochezewa zaidi. Mama ajisafishe, aachie mkojo wa mwanzo, akinge wa katikati. Soma kwa saa: nitriti sekunde 60, chembe nyeupe dakika 2. Nitriti inataka mkojo uliokaa kibofuni kwa muda wa saa nne hivi, kwa hiyo aliyekojoa njiani anaweza kuonekana hana kitu. Na chupa ya vijiti ikiachwa wazi, unyevu huvigeuza rangi na kila mama anakuwa na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)! Bakteria wakithibitika hutibiwa kwa siku 7 hata kama mama hasikii maumivu.

Damu chini ya gramu 11 kwa desilita ni pungufu, chini ya 7 ni rufaa. Presha 140/90 irudie baada ya kupumzika, pima na protini. Kaswende na VVU usiviruke. SP, dawa ya kukinga malaria, vidonge 3 anywe mbele yako kuanzia wiki ya 13, kisha kila baada ya mwezi. Anayetumia septrini kwa ajili ya VVU hapewi. Foliki asidi ya mg 5 usiichanganye na SP, inaipunguza nguvu.

zahanati_mlimani
Asanteni. Wasiokumbuka tarehe ya hedhi je? Ndio wengi.

mkunga_zamu
Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu bila tarehe hujui kama mtoto ni njiti au ni mdogo tu. Tafuta tukio: kabla ya Idi, shule zilipofungwa, wakati wa kupanda mahindi. Kama ilikuwa Ramadhani, muulize siku za funga anazodaiwa kulipa kwa sababu ya hedhi. Anazijua kwa hesabu. Ukipata tarehe, ongeza siku 7 na urudi nyuma miezi 3: hedhi iliyoanza Machi 10 inakupa tarehe ya kujifungua ya Desemba 17. Altrasaundi, kama anaweza kuifikia, iwe kabla ya wiki 24. Ya mwezi wa nane inakosea kwa wiki mbili, tatu.

wodi_ya_njiti
Naomba nitofautiane kidogo na visanduku. Wengi wanaojifungua mapema hawana alama yoyote kwenye kadi, hasa mimba ya kwanza. Kwa hiyo kila mama, hata "asiye na hatari", aondoke anajua: tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio, mgongo wa chini kuuma kwa mawimbi, maji kuvuja, damu, kitu kusukuma chini. Asingoje asubuhi. Sindano za deksamethasoni za kukomaza mapafu, mg 6 kila saa 12 mara nne, hutolewa hospitali yenye huduma ya njiti, wiki ya 24 hadi 34, na tarehe ndiyo inayoamua.

Na tuache kuwaambia walale kitandani miezi mitatu. Haizuii njiti, na damu inaweza kuganda miguuni.