Naomba ushauri: "lazima" ya Kihispania inanichanganya

Habari wakuu. Natembeza wageni Mji Mkongwe, Zanzibar, na kwa ajili ya Wahispania nimeanza kujifunza lugha yao. Kutaka hakunisumbui: "quiero agua", nataka maji, nikitaka adabu zaidi, "quisiera". "Necesito", nahitaji, nayo sawa.

Shida ni "lazima". "Tengo que ir" ni mimi ninayelazimika kwenda (hiyo "que" naisahau kila mara!). "Hay que pagar" ni lazima kulipa, yeyote yule. Sasa "deber", kupaswa, inaingia wapi? Juzi mlangoni mwa msikiti nilimwambia mama mmoja "debe quitarse los zapatos", avue viatu, akanitazama kama nimemkaripia. Ningesema "hay que"? Au "debería", ungepaswa? Mnaokijua Kihispania, nisaidieni, Jumamosi nina kundi jingine.