Tupeane uzoefu: kupata pa kupiga kambi ya bure porini Marekani (misitu ya taifa na BLM)

Beleshi_na_Turubai
Wakuu, kwenye uzi wa bei za viwanja vya kambi kuna mtu ameuliza kama ni kweli unaweza kulala porini Marekani bila kulipa na bila kufukuzwa. Ni kweli, na kwa walioko Boise, Salt Lake City, Phoenix au Denver ni mwendo wa saa moja au mbili tu kutoka mlangoni. Naweka msingi, nyie mjazie.

Ardhi yenyewe ni ya aina mbili kubwa: misitu ya taifa, iliyo chini ya Forest Service (idara ya misitu ya serikali kuu), na ardhi ya BLM (idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma), ambayo sehemu kubwa ni jangwa na nyika ya vichaka. Msichanganye na hifadhi za taifa kama Yellowstone au Zion. Kule ukilala nje ya kambi rasmi bila kibali ni faini.

Kila msitu una ramani yake ya magari inayoitwa MVUM. Ni ya bure, nyeusi na nyeupe, sura yake mbaya, lakini ndiyo sheria. Barabara isiyokuwamo humo usiipite kwa gari hata kama alama za matairi unaziona kwa macho yako. Ukiona nukta zimeandamana na barabara, basi hapo unaruhusiwa kutoa gari nje ya barabara ili upige kambi, na umbali umeandikwa kwenye jedwali la pembeni, mara nyingi futi 300. Pasipo na nukta, gari linabaki kando ya barabara na hema unalibeba kwa miguu.

Muda ni siku 14 kwa sehemu nyingi, kisha unahama. BLM kwa kawaida wanahesabu siku 14 ndani ya siku 28. Kuhama si kuvuta hema mita mia.

Kaskazi_Minn
Hapo kwenye msitu na hifadhi ndipo wengi wetu tunapochanganyikiwa. Ukimwambia mtu wa kwetu "msitu wa serikali", yeye anaona askari na bunduki.

LoriNaMzigo
Mkuu hapo juu umeeleza sheria, sasa niseme namna ya kuitafuta sehemu yenyewe.

Usianze na zile programu za "kambi nzuri za bure". Kila mtu anazo, na Ijumaa saa kumi jioni pameshajaa. Fungua Gaia au onX (programu za ramani za simu), washa tabaka la umiliki wa ardhi. Kwenye ramani za BLM njano ni BLM, kijani ni msitu wa taifa, buluu ni ardhi ya jimbo, nyeupe ni ya mtu binafsi. Halafu washa picha ya setilaiti, fuata barabara ya vumbi iliyo kubwa, tafuta vinjia vifupi vya mita 50 hadi 200 vinavyoishia kwenye duara jeupe la udongo. Duara hilo ni pa kugeuzia magari. Ukikuza picha, ukaona doa jeusi pembeni yake, hayo ni mafiga ya watu waliotangulia. Umeshapata kambi.

Sasa usiweke alama moja, weka tatu, ziachane kilomita 3 hadi 5 kwenye barabara ileile. Ya kwanza ikiwa na watu unasonga mbele badala ya kuanza kutafuta upya gizani. Tazama na mistari ya mwinuko: ikibanana pale ulipochagua, usiku kucha utakuwa unateleza hadi mlangoni mwa hema.

Mwisho, pakua ramani zote ukiwa nyumbani, kisha weka simu kwenye hali ya ndege uone kama bado zinafunguka hadi ukizikuza. Jaribio hili dogo watu wanaliruka, halafu mtandao unakata kilomita 20 baada ya lami na ramani inabaki ukungu wa kijivu.

mama_wa_Tempe
Sahihi kabisa, ila hiyo buluu uifafanue. Arizona ardhi ya jimbo SI ya umma. Ni ya kuingizia shule fedha, na ukitaka kupiga kambi unanunua kibali kwanza. Watu wanaona "state" wanadhani ni mali ya wote.

LoriNaMzigo
Sikusema ni ya wote, nimetaja rangi tu.

mama_wa_Tempe
Umetaja rangi bila onyo. Mgeni anasoma anapaki.

Jua_la_Utosi
Na hiyo nyeupe je? Wyoming na Nevada kando ya reli ya zamani ramani ni ubao wa bao la drafti: kipande cha maili moja kwa maili moja cha umma, kinachofuata cha mtu, kinachofuata cha umma. Chanzo ni sheria ya 1862, makampuni ya reli yalipewa vipande vyenye namba witiri. Kwa hiyo unaweza kuona njano safi kwenye ramani na hakuna barabara hata moja ya kuifikia isiyopita kwa mtu.

Beleshi_na_Turubai
Kuruka kona, yaani kuvuka pale vipande viwili vya umma vinapogusana kwa kona tu, sasa ruksa, mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10 iliamua mwaka 2025.

Jua_la_Utosi
Ruksa kwa MIGUU, na katika majimbo ya mzunguko huo: Wyoming, Colorado, Utah, New Mexico, Kansas, Oklahoma. Nevada na Idaho hazimo. Wewe una gari na hema la watu sita, utairukaje kona? Msiwapoteze watu.

Beleshi_na_Turubai
Haya, kwa miguu.

Mbao_mbili
Kidogo kuhusu vibao vya misitu. Namba ya barabara ikiandikwa kwa kulala, barabara kwa kawaida inafaa gari dogo. Ikiandikwa kwa kusimama kwenye kijiti chembamba, tegemea mawe na mifereji, unahitaji gari lililoinuka. Arizona, ile Forest Road 300 inayopita ukingoni mwa Mogollon Rim inapitika vizuri ikiwa kavu. Vinjia vinavyochomoka kutoka humo ndivyo vinavyokula sampu (bakuli la oili chini ya injini). Halafu si kila kipande cha Rim unalala popote, kuna sehemu unalala penye kibao cha namba tu.

Corolla_haina_shida
Corolla inafika. Watu wanatishana tu na magari yao ya bei.

Mbao_mbili
Inafika. Kurudi je?

Kisima_Kikavu
Naona mnabishana kuhusu kona na Corolla, na hakuna aliyegusa jambo linaloua. Kusini-magharibi, hasa Arizona na kusini mwa Utah, sehemu inayoonekana nzuri kuliko zote jioni ni korongo. Mchanga laini, tambarare, hakuna jiwe, miti miwili mitatu ya kivuli, kuta za pande mbili zinakinga upepo. Hapo hema linasimama kwa dakika tano na mambo (vigingi) yanaingia kwa mkono. Ubora huo wote umetengenezwa na maji.

Msimu wa masika ya huko unahesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30. Mvua inanyesha mchana na jioni kwenye milima, labda kilomita 40 kutoka ulipo. Juu yako kuna nyota. Ardhi ya kule ni mwamba na udongo ulioshindiliwa na jua, hainywi maji, kwa hiyo yote yanatelemka. Vijito kumi vinaingia kwenye kimoja, na hicho kimoja ndicho ulicholalia.

Saa nne usiku hakuna kitu. Saa tano unasikia kama lori linapanda mlima kwa gia ndogo, na hakuna barabara upande ule. Upepo wa baridi unashuka korongoni, una harufu ya udongo mbichi. Hapo una dakika, pengine chache sana. Kinachofika kwanza si maji ya kuonekana kama maji: ni ukuta wa matawi, povu na kinyesi cha ng'ombe, unasukumwa na tope nyuma yake. Sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaelea na gari dogo. Sentimita 60 zinachukua karibu kila gari, na yale marefu ya kifahari yamo.

Kosa linalofuata ndilo baya zaidi: mtu anakimbilia ufunguo. Gari liko kwenye mchanga, mchanga umeshaanza kunywa maji kwa chini, tairi zinachimba, naye kafunga mlango na watoto wako nyuma. Acha gari. Acha hema. Beba watu, panda ukingo kwa upande ulio karibu, si upande uliokuja nao. Na usishuke maji yakipungua, kwa sababu wimbi la pili huwa lipo.

Kuzuia ni rahisi. Tazama kuta za korongo: ukiona nyasi na vijiti vimenasa kwenye matawi kwa kimo cha kifua, hicho ndicho kimo cha maji ya mara ya mwisho. Panda juu ya ukingo, mita 3 au 4 zaidi ya alama hiyo, na hakikisha barabara ya kutokea haivuki korongo hilohilo.

Kaskazi_Minn
Duh.

mama_wa_Tempe
Hii iwekwe juu kabisa ya uzi.

Lodwar_to_Boise
Hiyo kwetu tunaita laga, mto mkavu wa mchanga, na kila mtoto anajua hailaliwi. Korongo ni kitu kingine, ni bonde lenye kuta.

Kisima_Kikavu
Iite utakavyo, maji hayaulizi jina.

Lodwar_to_Boise
Nasema tu neno lipo.

Corolla_haina_shida
Swali: na usipokuwa korongoni, mvua si inanyesha tu na maisha yanaendelea?

yaya_wa_Salt_Lake
Hapana kaka. Bandugu, udongo wa Utah wa kijivu-kijivu, ule wa mashariki upande wa Green River, na mwingine wa jangwa la magharibi, ukiloa ni sabuni. Unajibandika kwenye tairi tabaka kwa tabaka hadi tairi inajaa kwenye tundu lake na haizunguki tena. 4x4 haisaidii, inakuzamisha kwa magurudumu manne badala ya mawili. Dawa ni moja: usisogee. Jua na upepo vikipata nusu siku au siku nzima, uso unakauka na unatoka. Ndiyo sababu ya kubeba maji na chakula cha siku mbili zaidi ya ulizopanga. Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku, joto kali piga 6.

Namna ya kuujua kabla: ukifika, chukua udongo kiganjani, tia maji, finyanga. Ukitoka kama kamba bila kukatika, na mawingu yapo, lala karibu na changarawe.

Mbao_mbili
Na vifaa: beleshi la mpini mrefu, mbao mbili za inchi 2 kwa 10 zenye urefu wa mita moja na ushee, kipimo cha upepo wa tairi, kompresa ya volti 12, kamba ya kuvutia isiyo ya nailoni ya dukani. Kwenye barabara ya matuta-matuta shusha upepo wa tairi kutoka psi 35 hadi 25, kwenye mchanga 18 hadi 20. Jaza kabla ya lami.

Jua_la_Utosi
18 kwenye tairi nyembamba za gari la mjini? Tairi itavuka rimu kwenye kona ya kwanza. Hizo usishuke chini ya 25.

Mbao_mbili
Kwa mchanga nimesema, na kwa mwendo wa konokono.

nyuki_mweusi
Moto. Kabla ya kutoka soma tangazo la msitu husika. Hatua ya 1 ya katazo: hakuna moto wa kuni nje ya kambi rasmi, jiko la gesi lenye koki ya kuzimia linaruhusiwa. California hata jiko la gesi nje ya kambi rasmi linataka kibali, cha bure, unakipata mtandaoni. Moto ukiruhusiwa tumia mafiga yaliyopo, usijenge mapya. Kuzima: maji, koroga, maji tena, kisha gusa majivu kwa mgongo wa mkono. Weka lita 20 kwa kazi hiyo pekee. Kufukia kwa mchanga kunahifadhi kaa, siku ya pili upepo unalifukua.

Lodwar_to_Boise
Kambi bila moto si kambi, ni kukaa gizani.

nyuki_mweusi
Kaa gizani basi. Ukiunguza msitu unadaiwa gharama za kuuzima.

mama_wa_Tempe
Choo: chimba sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka maji yoyote. Karatasi rudi nayo kwenye mfuko. Kuzunguka Moab, Utah, sehemu nyingi unalala penye kibao tu na lazima uwe na choo cha kubeba.

Na Arizona usipige kambi ndani ya robo maili ya bwawa au birika ambalo wanyama wananywa. Ng'ombe hatasogea ukiwapo, na ni kosa kisheria.

Texan_mpya
Jamani Dallas je? Nimesoma yote nina hamu.

LoriNaMzigo
Pole. Texas karibu yote ni ya watu binafsi. Kuna misitu ya taifa minne mashariki: Sam Houston, Davy Crockett, Angelina, Sabine. Msimu wa kuwinda paa huwekwa masharti ya wapi pa kulala, soma kwanza. Na mti au nguzo iliyopakwa rangi ya zambarau ni "usiingie" kisheria, hata bila kibao.

Corolla_haina_shida
Montana ni rangi ya chungwa.

LoriNaMzigo
Leo umesema la maana.

yaya_wa_Salt_Lake
Upande wa Wyoming, karibu na milima ya Teton, kuna dubu. Chakula, dawa ya meno, sufuria hata iliyooshwa, vyote ndani ya gari lililofungwa au kwenye pipa ambalo dubu hawezi kulifungua. Bila hivyo, ning'iniza futi 10 kutoka chini na futi 4 kutoka shina. Hemani usiache hata biskuti ya mtoto.

Kaskazi_Minn
Baridi msiisahau. Kila mita 1,000 unazopanda joto linapungua kama nyuzi 6. Phoenix 40, juu kwenye Rim usiku unatafuta koti.

Beleshi_na_Turubai
Naongeza geti. Ukilikuta limefungwa na halina kufuli wala kibao, pita ulifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi, huenda mwenye ng'ombe ameliacha ili wafike majini. Na usiku punguza mwendo: maeneo mengi ya Idaho na Nevada ng'ombe hawana uzio, na ukimgonga, anayelipa ni wewe, si mwenye ng'ombe.

Texan_mpya
Ng'ombe mmoja bei gani?

Corolla_haina_shida
Kuliko Corolla yangu.