Naomba ushauri: mzee ameandikiwa siti skani ya mishipa ya moyo

Mwana wa Tandika: Habari za jioni wanajukwaa. Baba yangu ana miaka 61, anatumia metformini kwa ajili ya kisukari, na siku hizi akipanda ngazi kwenda kwa shangazi, ghorofa ya tatu Kariakoo, anabanwa kifua hadi asimame. Kipimo cha umeme wa moyo na eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) vyote vimetoka vizuri, lakini daktari anataka siti skani. Mzee anasema huko ni kuliwa hela tu. Je, hiki cha tatu kitaona nini ambacho viwili havikukiona?

Fundi Mionzi: Pole na mzee. Eko huonyesha kuta na vali za moyo, si ndani ya mishipa inayoulisha moyo wenyewe; na kipimo cha umeme kikichukuliwa mtu amelala, mshipa uliosinyaa unaweza usijulikane, kwa kuwa moyo uliotulia hauhitaji damu nyingi. Siti skani hupiga picha ya mishipa hiyo baada ya dawa yenye iodini kudungwa mkononi, bila kupitisha mrija hadi moyoni. Mapigo yakizidi kama 65 kwa dakika picha hutoka na ukungu, hivyo asinywe kahawa wala chai kuanzia siku iliyotangulia, na huenda akapewa dawa ya kuyapunguza. Dawa ya iodini ikiingia atasikia joto likishuka hadi kinenani, na wengi hudhani wamejikojolea, mtahadharishe.

Kuhusu hela, utafiti wa SCOT-HEART wa Uskoti, uliochapishwa mwaka 2018, ulifuatilia watu 4,146 wenye maumivu ya kifua: katika miaka mitano, waliokufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo au kupata shambulio la moyo walikuwa asilimia 2.3 kwa walioongezewa kipimo hiki, na 3.9 kwa wengine.

Mama Tabata: Apime kreatinini kwanza, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo, maana dawa hiyo ya iodini hutoka kupitia figo. Metformini asiiache kwa uamuzi wake, daktari ndiye atakayesema. Kifua kikimbana akiwa ameketi na kisiachie, msisubiri miadi.

Mstaafu wa Temeke: Mwanangu, mishipa yangu ilikuwa na chokaa nyingi, picha ikashindwa kuonyesha imeziba kiasi gani, nikaishia kwenye mrija vilevile. Jingine, ambalo wazee hatulisemi mbele ya watoto: kabla ya picha huwekwa dawa ya kutanua mishipa chini ya ulimi, nayo ikikutana na vidonge vya nguvu za kiume, presha hushuka vibaya.

Mwana wa Tandika: Shikamoo Mstaafu, na ahsanteni nyote. Kreatinini tunakwenda kesho asubuhi. Hilo la vidonge nitamwandikia daktari kwenye karatasi, amuulize mwenyewe nikiwa nje.