Saa ya kutoka kambini: kwa nini saa 4 asubuhi, na inamfaa nani?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Naleta hoja iliyonikaa rohoni tangu safari yangu ya mwisho ya kambi. Naomba tuijadili wote: wanaolala kwenye mahema, wenye karavani (nyumba ndogo za kuvutwa na gari), na hasa wenye viwanja tunavyokodi kulala. Sisi wageni tukizungumza peke yetu tunaishia kulalamika tu.

Nasema hivi: kumtoa mtu wa hema saa 4 asubuhi ni kumwonea. Naomba iwe saa 6 mchana, kila siku, kila kambi.

Yaliyonikuta ni haya. Tulikuwa wanne, wawili wakiwa watoto. Usiku mbingu ilikuwa wazi na upepo hakuna, na anayejua kambi anajua huo ndio usiku wa umande. Asubuhi nilipopeleka mkono kwenye zipu, turubai la juu lilikuwa linachuruzika maji. Ndani nako, dari nzima ilikuwa imejaa matone ya pumzi zetu wenyewe. Kiwanja chetu kilikuwa chini ya miti mirefu, na hadi saa 3 jua lilikuwa bado liko upande wa pili wa njia, linawakaushia wenzetu. Nikafuta kwa taulo. Taulo likalowa, nikalikamua, nikafuta tena. Saa 3:40 mhudumu akapita na orodha yake, akaniambia kwa adabu kabisa kwamba zimebaki dakika 20.

Nikalikunja hema bichi. Tulifika nyumbani usiku tumechoka, mfuko ukabaki kwenye buti la gari siku 3. Nilipolifungua, harufu ilinipiga usoni, na kwenye mshono wa sakafu kulikuwa na vidoa vyeusi vya kuvu. Nimesugua, havitoki. Utando ule unaopakwa ndani ya turubai kuzuia mvua nao umeanza kunata, kwa sababu unyevu ukikutana na joto ndani ya mfuko uliofungwa unautafuna.

Kilichoniuma zaidi nilikisikia langoni. Nilimuuliza yule mhudumu ni nani anaingia kwenye kiwanja chetu. Akasema hakuna mtu hadi Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Halafu tazameni na saa za kimya. Kambi nyingi kimya kinaanza saa 4 usiku na kuisha saa 12 au saa 1 asubuhi, na jenereta kwa kawaida hairuhusiwi kuwashwa kabla ya saa 2. Mgeni mstaarabu, asiyetaka kugonga vigingi na kubamiza milango ya gari wenzake wakiwa wamelala, anaanza kazi ya kweli saa 2. Amebakiwa na saa 2 tu za kulisha watoto, kuosha vyombo, kutoa upepo kwenye magodoro, kukunja hema na kupakia. Anayevunja kimya ndiye anayewahi kutoka.

Mwenye viwanja

Kaka, pole kwa hema, na nashukuru umetukaribisha na sisi badala ya kutusema pembeni. Mimi nina viwanja 42 na wasaidizi 2. Nitakueleza Jumamosi yangu ilivyo.

Jumamosi ya msimu, viwanja 30 hivi vinabadilisha wageni siku hiyohiyo. Kila kimoja kinahitaji kama dakika 20, kikiwa kimeachwa vizuri. Tunazoa majivu kwenye duara la moto, tunaokota vigingi vilivyosahaulika kwenye majani (kigingi kimoja kikikutana na mashine ya kukata nyasi, ni hatari kwa anayeiendesha), tunafuta meza, tunakagua bomba na soketi ya umeme, tunatoa kamba zilizoachwa zimefungwa kwenye miti. Piga hesabu: 30 mara dakika 20 ni dakika 600, yaani saa 10 za kazi. Gawanya kwa watu 2, kila mmoja ana saa 5 za kuinama na kuinuka. Mkitoka saa 4 asubuhi tunamaliza saa 9 alasiri, na mgeni mpya nimemwahidi saa 9. Mkitoka saa 6 tunamaliza saa 11 jioni. Hizo saa 2 zote mgeni mpya amekaa langoni na watoto wake ndani ya gari lenye joto, na hakuniomba mimi nimpe adhabu hiyo.

Na majivu siyo kazi ndogo. Mwaka wa kwanza msaidizi wangu alizoa majivu ya kijivu, yaliyokuwa baridi juu kabisa, akayamwaga kwenye ndoo ya plastiki akaendelea na kiwanja kingine. Aliporudi, kitako cha ndoo kilikuwa kimeyeyuka na majani chini yake yameanza kufuka moshi. Makaa yanaishi chini ya majivu usiku mzima na asubuhi yake. Wageni wengi wanamwagia kikombe cha maji, wanaona mvuke, wanaondoka. Inatakiwa maji mengi, ukoroge kwa kijiti, umwagie tena, kisha usogeze mgongo wa kiganja juu ya majivu. Ukihisi joto lolote, bado. Tangu siku ile tunazoa kwa ndoo za chuma tu.

Kwa hiyo saa 4 yangu haikutoka kwenye ubahili. Imetokana na hesabu.

Mleta mada

Mkuu, hesabu yako imenigusa, na sikuwahi kuifikiria ya kile kigingi na mashine. Lakini ruhusu nikurudishie jambo moja: nani anamwagia kikombe kimoja akakimbia? Ni mtu aliyeambiwa amebakiza dakika 20. Mimi mwenyewe asubuhi ile nilimwaga sufuria moja, na sikukoroga. Nakiri hapa mbele ya watu. Ukinibana saa, unanipunguzia uangalifu.

Mvuta karavani

Niongee kwa upande wa magurudumu. Sisi umande hautuumizi, lakini wote kupewa saa ileile ya kutoka kunatuumiza vibaya.

Kila mwenye tangi la maji machafu lazima apite kwenye shimo la kumwagia kabla ya kuondoka. Kufungua bomba, kumwaga tangi la choo, kisha la maji ya kuoshea ili lisafishe mpira wa kumwagia, kusuuza, kufunga na kunawa: ukiwa mwepesi ni dakika 10. Kambi yenye magari 30 na mashimo 2, wote wakiambiwa saa 4, wa mwisho kwenye foleni anamaliza baada ya muda wa saa 2 na nusu. Na foleni yenyewe inakaa kwenye njia pekee ya kutokea, kwa hiyo hata mwenye hema aliyekwisha kupakia anakwama nyuma yetu. Nimeona watu wazima wakifokeana pale, na chanzo kilikuwa saa iliyoandikwa kwenye ubao wa mapokezi.

Ila mleta mada, sikuungi mkono kwenye saa 6 kwa wote. Saa yako ya kutoka ndiyo saa yangu ya kuingia. Mimi napenda kufika na jua, nione miti na mteremko ninaporudi nyuma na karavani. Kurudi nyuma gizani, mke wangu ameshika tochi, watoto wa jirani wanazunguka na baiskeli, sitaki tena. Kila nusu saa mnayoongeza asubuhi inakatwa kwenye mwanga wangu wa jioni.

Msafiri wa mkoba

Mimi naomba tuulizane jambo la msingi. Tunalipia usiku au tunalipia siku? Nikiingia saa 8 mchana na kutolewa saa 4 asubuhi, nimekaa saa 20. Nikitolewa saa 6 ni saa 22. Kuna mahali unapata saa 24 kamili: kwenye hifadhi za jimbo la Ontario, Kanada, saa ya kutoka ni saa 8 mchana na ya kuingia ni hiyohiyo saa 8. Yosemite kule Marekani kambi za hifadhi wanatumia saa 6 mchana kwa kutoka na kuingia. Mbona kwao inawezekana?

Mwenye viwanja

Dada, inawezekana, na ni utaratibu mzuri mahali unapofaa. Lakini uone maana yake: saa ya kutoka na ya kuingia zikiwa moja, hakuna nafasi katikati. Anayeingia anakuta kiwanja kama alivyokiacha anayetoka, isipokuwa mhudumu awahi kupita. Kama kiwanja ni ardhi tupu, meza na duara la moto, na wageni wamezoea kuacha pasafi, mambo yanakwenda. Kwangu kila kiwanja kina maji, umeme na bomba la majitaka, na mgeni akikuta bomba linavuja au soketi imelegea ananipigia simu saa 3 usiku. Ile nafasi ya katikati ndiyo inayonisaidia kugundua ubovu mapema.

Usiku na siku, mimi nauza usiku, na nimeiandika hivyo kwenye fomu. Anayetaka mchana pia anaweza kununua nusu siku. Nakubali hilo halipendezi, lakini angalau halijafichwa.

Mama wa watatu

Samahanini naingilia. Mwanangu wa mwisho ana mwaka mmoja na nusu, analala usingizi wa asubuhi saa 3 hadi saa 5. Saa 4 maana yake namwamsha, anakaa analia safari nzima. Sidai kwamba kambi ipangwe kwa ajili ya mtoto mmoja. Nauliza tu kwa nini siruhusiwi kuomba jana yake jioni. Kambi moja tuliyokwenda, binti wa mapokezi alitazama daftari lake, akasema kiwanja chenu hakina mtu kesho, kaeni hadi saa 8, mkitoka mniambie. Ilimchukua nusu dakika. Tumerudi pale mara 3.

Mleta mada

Dada, hapo umeweka kidole penyewe, na mimi nabadilisha hoja yangu. Nilianza kwa kudai saa 6 kwa wote, na mvuta karavani amenionyesha kwamba nilikuwa nadai muda wa mtu mwingine. Tumekuwa tunagombania saa, kumbe la kuuliza kwanza ni kama kuna mtu anaingia leo. Ijumaa na Jumamosi mara nyingi yupo, na mwenye viwanja ana haki ya kukaza. Jumapili wengi wanatoka na wanaoingia ni wachache. Kumharakisha mtu Jumapili ili kiwanja kikae kitupu hadi Ijumaa hakumfaidishi yeyote, hata mwenye mali.

Sasa napendekeza hivi. Saa ya kutoka ibaki moja kwenye ubao, hata ikiwa saa 5. Lakini kila jioni mapokezi waweke alama kwenye nguzo ya kiwanja kinachongojewa kesho yake. Kisicho na alama, mgeni akae hadi alasiri bila kuomba wala kulipa. Wenye matangi wapewe zamu za shimo kuanzia saa 2 asubuhi, makundi makundi, foleni ipungue.

Na la mwisho ndilo ninalolitaka kuliko yote: uwanja wa kuanikia. Sehemu yenye jua karibu na lango, kamba 3 au 4 zimefungwa kwenye nguzo. Mwenye hema bichi anaacha kiwanja saa 4 kama alivyoagizwa, anakwenda kuanika turubai lake pale, watoto wanacheza, anaondoka likikauka. Turubai likipata jua na upepo kidogo, halichukui muda mrefu. Mwenye viwanja hapotezi hata dakika moja ya kazi yake.

Mwenye viwanja

Ya kamba naichukua. Nina kipande cha nyasi kati ya mapokezi na maegesho ambacho jua linakipata kuanzia saa 1 asubuhi, na nguzo ninazo. Hiyo sihitaji kuifikiria.

Ya alama kwenye nguzo naiogopa kidogo. Kuna watu wanapita bila kubuku, wanafika saa 7 mchana wanauliza kama kuna nafasi. Nikimwahidi wa jana kwamba anakaa hadi alasiri, huyu wa leo nimwambie nini? Wapita njia hao ndio wanaonibeba siku za katikati ya wiki. Labda niwape hadi saa 8 tu, na Jumapili hadi saa 10 jioni. Jumamosi sisogei, mniwie radhi.

Mvuta karavani

Mkuu, zamu za shimo je? Hujazijibu. Na ukianza, wenye safari ndefu tuwekwe kundi la kwanza, saa 2 kamili, tutakuwa tumeondoka kabla watu wa mahema hawajachemsha maji.

Mama wa watatu

Saa 8 inanitosha kabisa. Tena kaka, kamba zifungwe juu kidogo, watoto wanakimbia pale bila kuangalia.