Ritifaa ya Murang'a inavunja ankara za EDIFACT

Swali
Habari zenu, ndugu. Ninasimamia mifumo katika kampuni inayosafirisha parachichi kutoka Kenya kwenda Uholanzi. Mnunuzi wetu anataka ankara katika muundo wa EDIFACT, kiwango cha kimataifa cha kubadilishana hati za biashara kati ya kompyuta, yaani ujumbe wa ankara uitwao INVOIC wa toleo la D.96A, ilhali mfumo wetu wa uhasibu hutoa XML tu, ambayo ni muundo mwingine wa data. Kwa hiyo niliandika programu ya kugeuza. Ankara nyingi zinapita, lakini kila inayotaja ghala la Murang'a hurudishwa kwa ujumbe wa CONTRL (jibu la mpokeaji kuhusu usahihi wa muundo) unaosema kuna segimenti, yaani kipande cha ujumbe, isiyojulikana na kwamba hesabu ya segimenti iliyo katika UNT, segimenti ya kufunga ujumbe, si sahihi. XML yenyewe haina kasoro. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Katika EDIFACT, ritifaa (') ndiyo inayofunga segimenti. Unapoandika `MURANG'A+++KE'`, mpokeaji huona segimenti ya NAD (ya jina na anwani) imekwisha baada ya G, kisha hukuta nyingine inayoanza na A, ambayo haipo popote katika kiwango hicho. Hapo hapo idadi ya segimenti huzidi kwa moja ile uliyoitaja katika UNT, na ndiyo maana umepata makosa mawili kwa chanzo kimoja.

Jibu la 2
Sisi tuliiondoa ritifaa, tukaandika MURANGA, na mzigo ukaendelea kusafiri.

Jibu la 3
Naomba kutofautiana na ndugu aliyetangulia. Jina la mahali au la mkulima halipaswi kuharibiwa kwa ajili ya programu, hasa pale ambapo ankara italinganishwa na hati nyingine za mzigo huo huo. Kiwango chenyewe kimeweka alama ya kukinga, inayoonyesha kwamba alama inayoifuata ni sehemu ya maandishi tu, na ambayo kwa kawaida ni alama ya kuuliza: andika `MURANG?'A`, na mpokeaji atasoma Murang'a kamili. Alama hiyo haihesabiwi katika urefu wa jina, kwa hiyo usihofu ukomo wa herufi 35 za mji. Kinga vilevile alama ya kujumlisha (+) na nukta pacha (:), ambazo hutenganisha sehemu za segimenti. Zingatia sana mpangilio: anza kwa kugeuza kila `?` kuwa `??`, ndipo ushughulikie alama nyingine. Ukianza na ritifaa, `?'` itageuka kuwa `??'`, na segimenti itakatika tena.

Muulizaji
Ninashukuru sana. Mpangilio wangu ulikuwa sahihi, lakini ankara mbili bado zilikataliwa. Nilipozichunguza niligundua kwamba majina yalikuwa yamenakiliwa kutoka kwenye hati zilizochapwa, yakiwa na ritifaa iliyopinda (’), ambayo haimo katika UNOA wala UNOC, seti za herufi zinazotumika katika EDIFACT. Sasa programu huinyoosha kwanza, ndipo huikinga, na ankara zote za Murang'a zimepokelewa.