Tupeane uzoefu: kitu cha kwenu ulichokikuta ndani ya kioo makumbusho

Mjukuu wa Sotet
Wadau, hamjambo. Mama yangu (watoto wanamwita Kogo) alikuja kutoka Bomet kwa kliniki ya macho. Binti yangu wa gredi ya 5 naye alikuwa na kazi ya shule: aandike juu ya vyombo vya zamani. Jumamosi nikawabeba wote wawili. Matatu ya Westlands, tukashuka Museum Hill, penye makumbusho ya taifa Nairobi, tukaupanda ule mlima polepole kwa sababu ya magoti ya Mama.

Binti alitaka kwanza sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1970. Tukamwona, tukapiga picha, basi. Mambo yalianza tulipofika kwenye vyombo vya jamii zetu. Mama akasimama mbele ya vibuyu vya maziwa, akavitazama weee, kisha akaniuliza, "Kwani mwenyewe alikufa?"

"Mwenyewe wa nini, Mama?"

"Wa hiyo sotet. Mbona imekauka hivi na hakuna anayeitia maziwa?"

Nikakosa jibu. Hapo akaanza somo. Kwamba kibuyu huoshwa kwa sosiot, ule ufagio mwembamba wa nyuzi za ukindu, mpaka maji yatoke meupe. Kwamba mtu huchoma kijiti cha mti wa senetwet, akaingiza kaa lake ndani, akalisugua ukutani mwa kibuyu mpaka ndani kuwe kweusi na kunukie. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanatiwa, yanafunikwa, yanaachwa siku kadhaa. Binti aliacha kunakili maandishi ya ukutani, akawa anaandika maneno ya Kogo. Mlinzi akatujia. Nilidhani anakuja kutunyamazisha, kumbe anauliza, "Mama, na mti huo hauna uchungu? Kwetu tunatumia mwingine." Wakabishana dakika 10 nzima, mimi nimeshika mkoba.

Sasa nanyi simulieni. Si lazima iwe Museum Hill.

Mtoto wa Muthurwa
Mimi ni makumbusho ya reli, yale ya nyuma ya stesheni. Baba alikuwa fundi wa reli, nasi tukakulia kwenye nyumba za reli Muthurwa. Nilimpeleka akiwa amestaafu kitambo. Kila mgeni pale hukimbilia behewa namba 12, ambamo simba aliingia usiku kule Kima mwaka 1900 akamtoa ofisa wa polisi, Charles Ryall. (Na Ryall alikuwa amekwenda kumvizia huyo simba! Usingizi hauna adabu.) Baba alilipita kama anayepita kibanda cha sigara. Akaenda moja kwa moja kwa Mount Gelai, lile garimoshi kubwa la mvuke la aina ya Garratt. Yalikuwa 34 ya aina hiyo, yote yamepewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na Baba aliyataja mengi kwa kichwa kama mtu anayeita ng'ombe zake.

Saa saba ilipofika akaketi kivulini kando ya magurudumu, akatoa mkate mfukoni. Nikamwambia, "Baba, twende mkahawani." Akanijibu, "Wewe, mkahawa ndio huu."

Kipepeo
Nilienda na shule, darasa la 4. Nakumbuka nyoka, na mkate wa jamu uliolaliwa na begi la mwenzangu. Huyo Mvulana wa Turkana mnayemsifu kila siku, ile mifupa ya kijana wa kale sana, sikumwona, tulikuwa tumewekwa foleni ya choo. Nitarudi nikiwa na mshahara.

Binti Kaloleni
Mnacheka, mimi yangu haikuwa ya kucheka. Nilisimama mbele ya kigango, ile nguzo ya mbao iliyochongwa, nikahisi kama nimefungua mlango wa chumba cha mtu bila hodi. Kwetu Giriama kigango husimikwa kwa marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Si pambo wala si sanaa, ni mtu. Babu alikuwa akisema mji unaweza kuhama, kigango hakihami.

Na bado viling'olewa vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, vingi vikaishia Marekani. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango alivyowasimikia ndugu zake wawili. Muda si mrefu vikaibiwa. Ile picha ndiyo iliyoviumbua baadaye: vilitambuliwa ndani ya makumbusho mawili tofauti ya huko, vikarudishwa mwaka 2007, mzee mwenyewe ameshafariki. Kwa hiyo nikiona kigango kwenye kioo siulizi kimechongwa na nani. Nauliza kimetolewa boma la nani. Wenzangu walikuwa wameshafika kwenye ndege waliokaushwa, mimi bado niko pale.

Mpita Njia
@Binti Kaloleni, pole. Nimesoma mara mbili.

Yangu ni fupi. Lile jumba la mawe kando ya Nyayo House, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, sasa ni Nairobi Gallery, na humo mna hazina ya sanaa ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa 2. Lilijengwa mwaka 1913, likawa ofisi ya serikali ya kuandikisha waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Umbali wa barabara kwenda miji mingine ulipimwa kuanzia hapo. Nilimpeleka babu aone vinyago. Mlangoni akavua kofia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Karani yuko?"

Kipepeo
@Mjukuu wa Sotet, na kazi ya shule ilipata ngapi?

Mjukuu wa Sotet
Bado haijasahihishwa. Ila binti alimwomba Kogo kibuyu alichotuletea, akakipanga kwenye kabati la vioo sebuleni, akakibandikia karatasi yenye jina, mahali kilikotoka na "Usiguse". Jana jioni nimetoka kazini nikakuta karatasi iko peke yake kabatini. Kibuyu kiko jikoni, kimefunikwa. Kogo amesema kisiguswe mpaka Alhamisi.